Supu ya taco: tupeni gramu, si "kopo" na "pakiti"

Ndugu Mhariri,

Kurasa za mapishi za magazeti yetu zimeanza kuleta supu ya taco, yaani supu ya nyama ya kusaga, maharage, nyanya na mahindi yenye viungo vya taco, kile chakula cha Mexico, na ni jambo jema, maana ni chakula cha sufuria moja kinachoshibisha nyumba nzima. Kasoro iko kwenye vipimo. "Makopo mawili ya maharage, pakiti moja ya viungo, kijiko kikubwa cha unga wa pilipili" ni maelezo yanayojitosheleza Texas, ambako supu hii ni chakula cha kawaida na makopo yana ukubwa unaojulikana. Msomaji wa Morogoro au Kisumu akiyafuata neno kwa neno ataishia na maharage magumu na supu isiyolika kwa ukali. Naomba nafasi nitoe vipimo vinavyofaa majiko yetu.

Nianze na pilipili, kwani hapo ndipo wengi wanapoharibu. Unga wa pilipili wa Kimarekani, kama ule ambao mhamiaji wa Kijerumani William Gebhardt alianza kuuuza huko New Braunfels, Texas, miaka ya 1890, ni mchanganyiko wa pilipili kavu zisizo kali sana na viungo vingine kama binzari nyembamba, oregano (majani makavu ya kunukia) na kitunguu saumu. Unga wa pilipili wa sokoni kwetu ni pilipili kali tupu. Ukitia kijiko kikubwa cha huu, sufuria nzima imekwenda na maji. Kwa watu sita na nusu kilo ya nyama, changanyeni hivi: paprika (unga wa pilipili nyekundu isiyo kali) kijiko kimoja cha chakula, binzari nyembamba (jira) vijiko viwili vya chai, oregano kijiko kimoja cha chai, pilipili manga nusu kijiko cha chai, na pilipili ya unga robo kijiko cha chai, basi. Anayetaka moto zaidi ataongeza kwenye bakuli lake. Binzari iwe imekaangwa na kusagwa karibuni. Iliyokaa dukani mwaka mzima haina harufu, na supu hii bila harufu ya binzari ni mchuzi wa nyama ya kusaga tu.

Sasa maharage. Supu hii ni ya haraka kwa sababu ya makopo, hakuna siri nyingine. Kopo la Kimarekani lina gramu 425. Ukimwaga maji yake hubaki takribani gramu 250, yaani kikombe kimoja na nusu. Makopo mawili ni vikombe vitatu vya maharage yaliyoiva, ambayo hupatikana kwa gramu 200 hivi za maharage makavu. Yalowekwe usiku kucha, maji ya kulowekea yamwagwe, yachemshwe kwa maji mapya hadi yaive kabisa. Nasisitiza kuiva kabisa: maharage yakishakutana na nyanya, uchachu wake huyafanya yasilainike tena kirahisi, hata ukiyaacha motoni saa mbili. Magadi huyaharakisha, lakini yakizidi maharage huvurugika na supu hunuka sabuni. Ushauri wangu ni kuchemsha kilo moja siku ya mapumziko, kugawa vikombe vitatu vitatu kwenye mifuko na kugandisha. Hapo ndipo supu hii inakuwa ya dakika 40.

Kwa ndugu walio Marekani na Ulaya wanaotumia yale majiko ya umeme ya kupika polepole: msitie humo maharage mekundu makavu. Yana sumu ya asili inayotapisha na kuharisha, na joto dogo la majiko hayo haliiondoi. Yaloweke, kisha yachemke kwa nguvu kwenye sufuria kwa dakika 10 au zaidi kabla ya kwenda huko.

Upishi wenyewe hauna makuu. Sufuria iwe pana na iwe ya moto kabla nyama haijaingia. Tandaza nyama ya kusaga, usiiguse kwa dakika tatu, mpaka upande wa chini ugeuke kahawia. Wanaorundika nyama kwenye sufuria ndogo na kuanza kukoroga papo hapo huona maji yanajaa na nyama inachemka, rangi ya kijivu, ladha hakuna. Ikishakuwa kahawia, ivunjevunje kwa mwiko, punguza mafuta ubakize kama kijiko kimoja. Tia kitunguu maji kimoja kikubwa, pilipili hoho moja na punje nne za kitunguu saumu. Vikilainika, weka viungo vyote, vikaangike katika mafuta kwa nusu dakika tu. Vikiungua huwa vichungu na hakuna dawa. Fuatisha haraka nyanya sita zilizoiva zilizokatwakatwa na vijiko viwili vya chakula vya nyanya nzito ya kopo. Nyanya zikirojeka, ongeza maharage, lita moja ya maji au supu ya mifupa, na kijiko kimoja cha chai cha chumvi. Ichemke taratibu dakika 20. Ikiwa nyepesi, ponda maharage kidogo ubavuni mwa sufuria. Unga wa ngano hauhitajiki.

Mahindi, kikombe kimoja na nusu, yaingie dakika 10 za mwisho. Yetu mabichi ni meupe na yana wanga mwingi kuliko yale matamu ya kopo, hivyo yachemshwe kando kwanza. Mwenye mahindi makavu apike makande, ambayo ni matamu pia.

Wamarekani wengi hutia pia pakiti ya viungo vya unga viitwavyo "ranch", vyenye maziwa ya unga, vitunguu na majani ya mmea uitwao "dill". Kwetu mtindi mzito unatosha, ila uwekwe juu ya bakuli wakati wa kula, kwani ukichemshwa hukatika. Kamulia ndimu, nyunyiza giligilani, kata parachichi. Vile vipande vikavu vya unga wa mahindi vinavyoliwa na supu hii ("tortilla chips") msivijaribu kwa sembe: unga wa mahindi wa Mexico hutokana na mahindi yaliyochemshwa na chokaa, ndiyo maana kinyunya chake hushikana, wakati wa sembe hupasukapasuka. Chapati iliyolala, ikikatwa vipande vyembamba na kukaangwa, inafaa zaidi.

Itakayobaki iingie kwenye friji ndani ya saa mbili. Hukaa siku tatu. Kesho yake maharage yatakuwa yamekunywa mchuzi, kwa hiyo iongezewe nusu kikombe cha maji, ichemke vizuri, ndipo chumvi ionjwe upya.

Mpishi wa mgahawa,
Arusha