Kanuni ya simba haimfai tembo

Ndugu Mhariri,

Mabishano ya wawindaji wa kitalii na walezi wa wanyama yatima yamefika mahali pa kurushiana maneno. Mwindaji anasema mlezi anamwaga fedha kwa ndama mmoja huku pori zima likigeuzwa mashamba na mkaa. Mlezi anajibu kwamba mwindaji ni jangili mwenye leseni. Ninavyoona, kila upande una mnyama wake ambaye hoja zake zinamkaa sawasawa, kisha unataka mnyama huyo awe kipimo cha wanyama wote. Hoja ya mwindaji inamkaa simba. Hoja ya mlezi inamkaa tembo. Ukizigeuza, zote mbili zinaharibu, na uharibifu huo unaonekana sasa mpakani, kati ya Longido ya Tanzania na Amboseli ya Kenya.

Nianze na simba. Dume huteka kundi la majike akiwa na miaka 4 au 5, na akishaingia huua watoto wadogo aliowakuta ili majike wapate mimba yake. Watoto wake mwenyewe wanahitaji ulinzi wake kwa karibu miaka 2. Ukimpiga risasi dume wa miaka 4, mgao wa uwindaji unaandikwa simba mmoja, lakini dume jipya litaingia na kumaliza watoto wote wa kundi. Ukimwacha mpaka afike miaka 6, uzao wake wa kwanza umeshajitegemea. Utafiti uliotumia takwimu za Serengeti na kuchapishwa mwaka 2004 ulionyesha kwamba uwindaji ukibaki kwa madume waliokwisha kukomaa hivyo, idadi ya simba haiyumbi. Tanzania ikaweka kanuni ya miaka 6, na ni kanuni nzuri.

Ugumu wake uko porini. Mwindaji bingwa hana cheti cha kuzaliwa cha simba. Anatazama pua, ambayo huanza nyekundu na kujaa madoa meusi kadiri umri unavyokwenda, anatazama manyoya ya shingoni, makovu, na rangi ya meno simba anapopiga miayo. Pua peke yake hudanganya, kwa kuwa simba wa eneo moja huweza kuwa na pua nyeusi mapema kuliko wa eneo jingine. Kwa hiyo fuvu na meno hukaguliwa baadaye: jino likipigwa eksirei, uwazi wa ndani huonekana mpana kwa simba kijana na mwembamba kwa mzee. Anayeharakisha kufyatua kwa sababu mteja ana siku mbili tu za safari zilizobaki ndiye anayeletea tasnia nzima aibu.

Upande wa pili wa simba ni mbaya kwa walezi, na afadhali wakubali. Mtoto wa simba aliyenyweshwa kwa chupa hamwogopi mtu, hana ndugu wa kumsaidia kuteka eneo, na hajafundishwa kuwinda na mama yake. George Adamson, mlezi wa simba, alijaribu kwa miaka mingi kule Kora, Kenya, kuwarudisha simba porini kwa mikono yake; watu walijeruhiwa na Serikali ya Kenya ikausimamisha mpango huo. Simba wengi waliolelewa na watu huishia nyuma ya wavu maisha yao yote. Hilo ni hifadhi ya mnyama mmoja. Kama kazi ya kuokoa simba wa porini, halina uzito.

Sasa tembo, ambako mambo yanapinduka. Mwindaji huja na hoja ileile: “Nampiga mzee aliyekwisha kuzaa, hana faida tena kwa kundi.” Kwa tembo hoja hiyo si ya kweli. Pembe za tembo hukua maisha yote, na mwili wa dume huendelea kukua hata baada ya miaka 30. Dume huanza kuingia kwenye masti, ile hali ambayo homoni za kiume hupanda, tezi za pembeni mwa uso hutiririka na mkojo hudondoka mfululizo, akiwa na umri wa kati ya miaka 25 na 30. Kwa kijana hali hiyo hudumu siku chache au wiki. Kwa mkubwa hudumu miezi 2 hadi 4, na majike humchagua huyo. Amboseli, ambako tembo wamefuatiliwa mmoja mmoja tangu 1972, uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa 2007 ulionyesha kwamba madume waliozaa zaidi walikuwa wa kati ya miaka 45 na 53. Yaani dume ambaye mwindaji anamwita mstaafu ndiyo kwanza ameingia kazini.

Kanuni ya Tanzania ya kuwinda tembo inataka jino, yaani pembe, lenye kilo 20 au urefu wa sentimita 160 kwenda juu. Nia ilikuwa kuwalinda vijana, na kwa hilo inasaidia. Lakini kwa kuwa haina kikomo cha juu, na mteja analipia jino kubwa, risasi yote inaelekezwa kwa wachache waliobaki wenye umri wa kuzaa. Kanuni za sangara wa Ziwa Victoria ziliwahi kukataza walio chini ya sentimita 50 na walio juu ya 85, kwa sababu mkubwa ndiye mzazi. Wavuvi walinung'unika, lakini mantiki waliielewa.

Hapa ndipo walezi wa yatima wanapoingia, na si kwa sababu ya huruma. Katika miaka ya 1980 vijana wa tembo walionusurika kwenye mauaji ya kupunguza idadi huko Kruger, Afrika Kusini, walihamishiwa hifadhi ya Pilanesberg bila mkubwa hata mmoja. Walikua, wakaingia masti mapema kupita kiasi na kukaa nayo muda mrefu, na kati ya 1992 na 1997 wakaua vifaru weupe zaidi ya 40. Mwaka 1998 waliletwa madume 6 wakubwa kutoka Kruger. Mauaji yakakoma. Kijana aliye kwenye masti akikutana na dume kubwa lililo kwenye hali hiyo, tezi zake hukauka, wakati mwingine ndani ya dakika chache. Adabu ya kijana wa tembo inatoka kwa mzee, na hakuna mlezi wa kibinadamu anayeweza kuitia kwa chupa ya maziwa.

Kituo cha Sheldrick ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi kinawalea yatima mpaka wafike kama miaka 3, kisha kinawapeleka Voi na Ithumba huko Tsavo Mashariki, au Umani kwenye msitu wa Kibwezi. Kurudi porini kabisa huchukua miaka mingine mingi, na kunafanikiwa kwa sababu huko kuna tembo wa porini wa kuwapokea: majike wanaowakubali na madume wanaowatia nidhamu. Ukiondoa madume wakubwa, unabaki na vituo vinavyozalisha vijana wasio na wazee. Mlezi anayesema mwindaji hamhusu, na mwindaji anayesema mlezi anacheza tu na ndama, wote wanamtegemea dume mmoja.

Dume huyo ndiye anayevuka Kitendeni, mapito ya wanyama kati ya Amboseli na Kilimanjaro. Hifadhi ya Amboseli ina kilomita za mraba 392 tu. Tembo wake hutumia muda mwingi nje, na madume hushuka hadi Enduimet, eneo la hifadhi ya jamii upande wa Tanzania. Mwaka 1994 madume kadhaa wanaojulikana waliuawa huko, na mwaka uliofuata yakafikiwa makubaliano ya kutowinda tembo kwenye ukanda wa mpaka. Yalidumu karibu miaka 30, kisha kuanzia Septemba 2023 uwindaji ukarudi, na kufikia katikati ya 2024 ziliripotiwa habari za madume 5 waliouawa, baadhi wakiwa na pembe za kilo 45 au zaidi kila moja. Halikuvunjwa neno lolote la sheria ya Tanzania, na kwangu hiyo ndiyo kasoro: makubaliano yalitegemea uungwana.

Najua majibu ya wawindaji, na mengine ni ya haki. Vitalu vingi vya uwindaji kwenye misitu ya miombo vimejaa mbung'o, havina barabara, na hakuna mtalii wa kamera atakayelala huko. Mwindaji akiondoka, anayefuata ni mchoma mkaa. Marekani ilipositisha kupokea nyara za tembo wa Tanzania mwaka 2014, biashara iliporomoka na vitalu vingi vikarudishwa serikalini. Na Kenya, iliyopiga marufuku uwindaji mwaka 1977, ilipoteza kwa wastani asilimia 68 ya wanyamapori wa nyanda zake za malisho kati ya mwaka huo na 2016. Marufuku haikuzuia uzio, haikuzuia mifugo, haikuzuia vipande vya ardhi kuuzwa. Walezi wasiitumie kama hirizi. Lakini wawindaji nao wasijidanganye: Selous, lililokuwa pori la uwindaji kuliko yote, lilihesabiwa kubaki na tembo 13,084 mwaka 2013 baada ya ujangili kulivamia.

Longido hata hivyo si Selous. Barabara ipo, mlima upo, watalii wa kamera wapo. Hoja ya mbung'o haihusiki hapo.

Kwa walezi, na hasa kwa viongozi wa vijiji wanaopigiwa simu kwanza, kuna jambo la kusahihisha pia: ndama wengi hawahitaji kituo. Aliyeanguka kisimani akitolewa mapema hurudishwa kwa kundi lake siku ileile, kama kundi bado liko jirani, na hilo ndilo la kujaribu kwanza. Atakayechukuliwa ni yule ambaye mama yake amethibitika kufa au kundi limeshapotea, hasa akiwa chini ya miaka 2, kwa kuwa kabla ya umri huo hawezi kuishi bila maziwa. Wakati wa kusubiri maofisa wa wanyamapori, asipewe maziwa ya ng'ombe: mafuta yake humharisha hadi kumuua. Ilimchukua Daphne Sheldrick, mwanzilishi wa kituo kile cha Nairobi, miaka mingi kugundua kwamba mafuta ya nazi ndiyo yanayokaribia yale ya maziwa ya tembo. Asimiminiwe maji kwenye mkonga wala kwa nguvu mdomoni, yataingia mapafuni. Afunikwe blanketi usiku na awekwe kivulini mchana, maana ngozi ya masikio yake huungua akikosa kivuli cha mama, na baridi huleta nimonia. Watu wawe wachache, mbwa wasikaribie. Kituoni atanyonya kila baada ya saa 3, usiku na mchana, na walezi watabadilishana ili asimng'ang'anie mtu mmoja akaugua siku huyo anapokwenda likizo. Kazi hiyo ni ghali. Ndama aliyechukuliwa bila sababu ananyang'anya nafasi ya mwingine.

Ninachokiomba kwa TAWA na KWS, mamlaka za wanyamapori za Tanzania na Kenya, ni kidogo. Tembo wa Amboseli na Enduimet wahesabiwe kama kundi moja, kwa orodha moja, na vitalu vinavyopakana na Kajiado, upande wa Kenya, visipewe leseni ya tembo kabisa. Simba mzee na nyati wazee waliojitenga na makundi wabaki kwenye mgao wao kama kawaida. Makubaliano ya 1995 yaandikwe na kutiwa saini. Kwingineko nchini, kanuni ya kilo 20 iongezewe kikomo cha juu, na idadi ya leseni ishuke sambamba, la sivyo tutahamishia mzigo kwa vijana. Mwindaji hatalipa bei ileile kwa jino dogo. Hilo ni kweli, na jumuiya ya Enduimet, inayopata mgao wa ada hizo, inastahili kuambiwa pengo litazibwa na nani kabla leseni haijafutwa. Wanaochangia yatima kutoka nje wangeweza kuanzia hapo. Kodi ya pango ya ardhi anayopita dume wa miaka 45 inaingia kwenye bajeti ya kulea yatima bila kulazimishwa.

Wako,
Msomaji, Longido