Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Wasikilizaji

Ndugu mlezi, ndugu wajumbe wa kamati, ndugu wanachama,

Nawashukuru mliofika. Nimehesabu viti vilivyokaliwa nikakomea 19. Waliotuma udhuru ni 4. Waliobaki wanajijua.

Shughuli za kawaida sitazirefusha, kwa kuwa mlikuwepo, au mlipaswa kuwepo. Vikao vya usikilizaji vilikuwa 11, viwili vikavunjika kwa kukosa akidi. Sindano ya kinanda cha santuri ilibadilishwa. Spika ya kushoto ilitengenezwa, ikaharibika, ikatengenezwa tena. Maktaba imepata santuri mpya 14, na 9 kati ya hizo ni zawadi ya ndugu katibu, tunamshukuru sana. Daftari lina wanachama 52: waliolipa ada yote ni 18, waliolipa nusu 7, walioahidi 20, na 7 hawapokei simu zangu. Mapato na matumizi atayasoma mweka hazina, na namwomba asome bila kunitazama.

Sasa nije kwenye jambo lililoleta maneno.

Kikao cha pili kilipiga kura, 12 kwa 5, kwamba kuanzia Julai tusikilize bendi kubwa zinazojulikana na kila mtu. Hilo silikatai, limo kwenye kumbukumbu. Badala yake vikao vyote vya nusu ya pili ya mwaka vilikwenda kwa bendi moja, Big Star. Nimeambiwa nimepindua kura. Nimeambiwa pia, tena na mtu asiyelipa ada tangu mwaka juzi, kwamba ile ni "bendi ya mwenyekiti."

Katiba yetu inasema lengo la chama ni kuufufua muziki uliosahaulika. Haisemi popote kwamba tukutane kusikiliza kile ambacho redio inatupigia bure tangu asubuhi. Kura na katiba zikigongana, mwenyekiti anasimama na katiba. Ningeweza kuitisha kikao cha dharura kulieleza hilo, ni kweli. Lakini akidi ningeitoa wapi?

Na kama kuna bendi iliyosahaulishwa, basi ni hii. Vijana wanne wa Memphis, Marekani: Chris Bell, Alex Chilton, Andy Hummel na Jody Stephens. Jina walilitoa kwenye duka kubwa la vyakula lililokuwa ng'ambo ya barabara kutoka studio ya Ardent walikorekodia. Chilton hakuwa mgeni wa umaarufu. Mwaka 1967, akiwa na miaka 16, aliimba na bendi ya Box Tops wimbo uliofika kileleni Marekani. Mwaka 1972 wakatoa albamu ya kwanza wakaiita #1 Record. Vijana wakijipa namba moja kabla hawajauza hata nakala moja! Wakati wenzao wananyoosha gitaa dakika kumi, wao walitunga nyimbo fupi zenye sauti za kupokezana, kila kitu mahali pake, na huzuni imefichwa chini kama chumvi kwenye chakula.

Waandishi wa habari za muziki waliisifu. Watu walikwenda dukani wakakuta haipo. Kampuni ya Stax, iliyokuwa na jukumu la kuisambaza, ilikuwa imebobea katika soul, muziki wa Wamarekani weusi, na haikujua sana pa kuipeleka santuri ya rock. Usambazaji ukahamishiwa kampuni ya Columbia, nao haukupata nafuu. Inasemekana nakala zilizouzwa hazikufika 10,000. Naomba mtu yeyote anayeniuliza "kama ni wazuri hivyo, mbona hatukuwasikia?" airudie aya hii. Kutosikika si sawa na kutokuwa na kitu.

Bell aliondoka mwishoni mwa 1972. Waliobaki wakatoa Radio City mwaka 1974, ile yenye picha ya dari jekundu na balbu moja, waya mweupe ukitambaa juu. Picha ni ya mpiga picha William Eggleston. Kikao cha Agosti tulipoteza robo saa nzima tukibishana kama ule ni ufundi wa umeme au ni sanaa. Santuri yenyewe nayo ilikwama kwenye usambazaji ule ule. Stax ikafilisika mwaka 1975. Bell akafariki kwa ajali ya gari tarehe 27 Desemba 1978, akiwa na miaka 27.

Nataka kikao kile cha Agosti kiingie kwenye kumbukumbu, maana katibu hakukiandika kama kilivyokuwa. Niliweka "Thirteen", wimbo wa gitaa za kupigwa bila umeme, haufiki hata dakika tatu. Mjumbe mmoja, mmoja wa wale 12, alikuwa ameshasimama, mkono mfukoni anatafuta funguo. Wimbo ulipoanza mkono ukabaki mfukoni. Alisimama vile vile mpaka sindano ilipoingia kwenye mfereji wa kati, akakaa, akauliza kama upande ule unaweza kurudiwa. Simtaji. Yumo humu ndani, na wiki iliyofuata alilipa ada.

La pili ni mpangilio wa albamu ya tatu. Nimelaumiwa kwamba kwenye kikao cha Oktoba nilizipiga nyimbo "ovyo." Ndugu zangu, albamu hiyo ilirekodiwa mwaka 1974 na mtayarishaji Jim Dickinson, bendi ikiwa imebaki Chilton na Stephens na marafiki wa studio. Ilikaa kabatini mpaka 1978 ndipo ikatoka. Hawakuwahi kukubaliana mpangilio wa mwisho. Toleo la 1978 lina mfuatano wake, na la 1992 lina wake. Hata jina lina utata, wengine wakiita Third, wengine Sister Lovers. Kwa hiyo nilipoanza na nyimbo za kelele na kumalizia na zile zinazokaribia kuvunjika, sikukosea. Nilichagua, kama walivyochagua wengine wote. Aliyenipigia mluzi ajitokeze na mpangilio wake, tuusikilize.

La tatu ni kasha. Ndiyo, nilinunua kasha la CD nne za Big Star lililotoka mwaka 2009 kwa fedha za mfuko. Ndiyo, mweka hazina nilimpigia simu nikiwa nimeshalipa. Nilitumia karibu theluthi ya akiba, na ningesubiri kikao cha kamati bado lingekuwa dukani au limeshachukuliwa na mwingine. Lina nyimbo 98, na diski ya nne ni onyesho lao la Memphis la Januari 1973, watu wakipiga kelele za maongezi wakati bendi inapiga. Nilipoisikia mara ya kwanza nilicheka peke yangu, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa kwenye kikao chetu cha Julai.

Naongeza tu kwamba siko peke yangu. Mwaka 2003 jarida la Rolling Stone liliziweka albamu zote tatu kwenye orodha yake ya 500 bora. Bendi ya R.E.M. iliwataja kama walimu wao. Mwaka 1993 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Missouri waliwashawishi Chilton na Stephens warudi jukwaani, pamoja na wanamuziki wawili wa bendi ya The Posies. Chilton alifariki tarehe 17 Machi 2010, siku chache kabla ya onyesho lao huko Austin, Texas, na wenzake wakaligeuza kuwa la kumuenzi. Wapo waliongoja miaka 20 kuwasikia. Sisi tuliombwa vikao 6.

Kuhusu mahudhurio. Februari tulikuwa 31, Septemba 9, Novemba 7, mmoja wao akiwa amekuja kuchaji simu. Wanaosema bendi ndiyo iliyowafukuza watu waangalie mahudhurio ya mwaka jana, tulipopiga hizo bendi kubwa: mwezi kama huo tulikuwa 8. Ada nayo ni ile ile ya miaka minne iliyopita. Siwezi kuifanya ndogo zaidi bila kuiita salamu.

Mwakani, Mungu akipenda, tunatarajia kupata ukumbi wenye utulivu zaidi, kufufua jarida letu, na pengine kualika mtu mwenye ujuzi wa kutengeneza spika. Chris Bell alirekodi nyimbo za peke yake ambazo nyingi zilitoka kwenye albamu mwaka 1992 tu, na ningependa kuzileta kwenye kikao kimoja, au viwili. Nitaitisha kura.

Mwisho, diski ya tatu ya lile kasha haimo ndani. Ndiyo ile yenye rekodi za albamu ya tatu. Iliazimwa baada ya kikao cha Oktoba, na kwenye daftari la maazimo sahihi haisomeki, ingawa nadhani naijua, na ni ya mmoja wa waliosaini barua ya kunilalamikia. Airudishe mezani wakati wa chai. Sitaangalia.