Malalamiko kuhusu mota ya mashine ya kufyonza vumbi inayozimika na dhamana iliyokataliwa

Karakana ya Useremala,
Keko,
Dar es Salaam.

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Ndugu Meneja,

YAH: KUKATALIWA KWA DAI LA DHAMANA YA MOTA YA NGUVU ZA FARASI 3

Tafadhali rejea barua yenu iliyokataa dai langu kuhusu mota ya mashine ya kufyonza vumbi niliyoinunua dukani kwenu, ambayo dhamana yake ya mwaka mmoja haijaisha. Mmeandika kwamba mota inazimika kwa sababu mifuko ya kuchujia imeziba na kuielemea, na kwamba kosa ni la mtumiaji. Siikubali sababu hiyo, na naeleza hapa kwa vipimo kwa nini haiwezi kuwa ya kweli.

Mashine huwaka vizuri ikiwa baridi, hufanya kazi kwa muda usiofika nusu saa, kisha mota huanza kunguruma kwa sauti nzito, gamba lake huwa la moto kiasi cha kutogusika, na kinga ya joto hukata umeme. Ikipoa huwaka tena, lakini muda wa kufanya kazi umekuwa ukipungua. Saketi breka ya karakana haijawahi kukata, kwa hiyo si shoti. Fundi umeme mwenye leseni alipima umeme kwenye mashine ikiwa kazini akakuta volti 226, wakati kibao cha mota kinaruhusu 220 hadi 240, na mashine ina laini yake yenyewe kutoka kwenye bodi. Tulipokata umeme na kuizungusha feni kwa mkono ilizunguka bila kukwama, na beringi hazina mchezo wala mlio.

Kuhusu mifuko, naomba mafundi wenu wasome aya hii kwa makini. Mzigo wa feni ya aina hii unategemea wingi wa hewa inayopita ndani yake. Mifuko ikiziba, hewa inayopita hupungua, uvutaji wa vumbi hudhoofika, na mota hubaki na kazi ndogo kuliko kawaida, si kubwa. Kinachoilemea ni kinyume chake, yaani kuiendesha feni ikiwa wazi kabisa bila mabomba. Tulilipima jambo hili mbele ya fundi wenu: mabomba yote yakiwa yameunganishwa mota ilivuta ampea (kipimo cha mkondo wa umeme, ambao hupanda mota ikielemewa) 16.4, na tulipoziba mdomo wa kuingizia hewa kwa ubao, ampea zilishuka palepale. Kama kuziba ndiko kungekuwa chanzo, zingepanda. Mifuko yenyewe hukung'utwa kila jioni, na siku ya vipimo ilikuwa imetoka kufuliwa.

Kibao cha mota kinataja ampea 13.5 kwa mzigo kamili. Mota inayovuta 16.4 kwa umeme wa kawaida, huku feni ikizunguka kwa urahisi, ina hitilafu ndani yake, na hitilafu hiyo tuliipata kwenye kapasita ya kuendeshea, yaani kile kikopo kinachohifadhi chaji na kuisaidia mota kuzunguka. Baada ya kuitoa chaji na kuipima, kapasita iliyoandikwa uwezo wa mikrofaradi 45 ilisoma 28, na kifuniko chake kilikuwa kimevimba. Linalonisikitisha zaidi ni maandishi yaliyo ubavuni mwake, kwamba imetengenezwa kwa volti 250. Kapasita ya kuendeshea hubaki kwenye saketi muda wote mota inapozunguka, na umeme unaoipata huwa mkubwa kuliko ule wa laini; tulipima kati ya ncha zake tukapata volti 318. Ndiyo maana mota za namna hii hufungwa kapasita za volti 400 au 450. Hiyo ya 250 isingedumu kwa mteja yeyote, hata angekuwa mwangalifu kiasi gani.

Tulipofunga kapasita ya mikrofaradi 45 yenye volti 450, ampea zilishuka hadi 12.6, mngurumo ukaisha, na mashine ikafanya kazi mchana kutwa bila kuzimika. Mifuko ilikuwa ileile.

Lipo jambo lingine ambalo siwezi kulinyamazia. Fundi wenu, kabla ya kuondoka, alishauri waya za kinga ya joto ziunganishwe moja kwa moja ili mota isizimike tena. Nilikataa. Kinga hiyo ndiyo iliyokuwa ikitueleza ukweli kuhusu mota yenu, na kuiondoa kwenye mota iliyo kando ya mfuko uliojaa vumbi la mbao, kitu kinachoshika moto upesi, ni kuhatarisha maisha ya vijana ninaofanya nao kazi pamoja na karakana za jirani zilizobanana nasi. Naomba mnieleze kama huo ndio utaratibu wa kampuni.

Mashine hii si ya anasa. Tunapasua na kuranda mvule na mninga, na vumbi la mvule hujulikana kwa kuleta pumu na muwasho wa ngozi. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliorodhesha vumbi la mbao mwaka 1995 miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Mota inapozimika katikati ya kazi, randa hutulazimu kuchagua kati ya kusimamisha kazi ya mteja na kulivuta vumbi hilo mapafuni. Chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, wajibu wa kuwalinda wafanyakazi ni wangu, nami siwezi kuutimiza kwa kifaa kisichoaminika.

Sidai gharama ya kapasita. Ninachodai ni mota yenyewe, kwa sababu imechemka mara nyingi na sasa hutoa harufu ya vanishi iliyoungua. Kibao kinaonyesha kwamba insulesheni yake, yaani kihami kinachofunika waya za ndani, ni ya daraja B, ambalo kikomo chake ni nyuzi joto 130, na waya zilizokwisha kupikwa hivyo haziponi kwa kubadilishiwa kapasita. Naomba insulesheni ipimwe kwa mega, yaani kifaa cha kupimia uimara wa kihami, mbele ya fundi wangu, na ikionekana imedhoofika mnifungie mota mpya yenye kapasita stahiki. Naomba pia barua ya kukataa dhamana ifutwe kwa maandishi, na wateja wengine waliouziwa mashine za shehena ileile wajulishwe wakague kapasita zao, kwani wengine huenda wamekwisha kukubali ushauri wa kuondoa kinga ya joto.

Nisipopata jibu ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii, nitalipeleka suala hili Tume ya Ushindani, nikitegemea pia Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214. Nimeambatanisha nakala ya risiti, picha za kibao cha mota na vipimo vilivyosainiwa na fundi umeme. Kapasita ya zamani ipo karakanani, na fundi wenu anaweza kuja kuiona siku yoyote ya kazi.

Wako mwaminifu,

Fundi seremala na mmiliki wa karakana