Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Wanafunzi na Wahitimu wa Shahada Mtambuka ya Sayansi za Afya

Ndugu Mlezi wa chama, ndugu wajumbe wa Kamati Tendaji, ndugu wanachama mliofika ukumbini na ninyi mtakaoisoma taarifa hii mkiwa vituoni kwenu vya kazi,

Kwa mujibu wa katiba ya chama chetu, nawasilisha taarifa ya mwaka tunaoufunga leo. Shughuli za kawaida mnazifahamu, kwa hiyo sitazirefusha. Tuliwapokea wanafunzi wa mwaka wa kwanza na kuwaelekeza namna ya kuchagua masomo ya hiari. Tuliadhimisha Siku ya Afya Duniani tarehe 7 Aprili kwa kuchangia damu. Wahitimu walikutana na wanafunzi wa mwaka wa tatu kuzungumzia maombi ya ajira serikalini. Na wanafunzi wa mwaka wa pili walipatiwa nafasi za mafunzo kwa vitendo katika halmashauri kadhaa, kazi ambayo kwa sehemu kubwa niliifanya mwenyewe kwa simu na kwa barua, kwa sababu utumishi wangu katika halmashauri umenikutanisha na waganga wakuu wengi wa wilaya. Katibu anayo orodha kamili kwa atakayeihitaji.

Jambo ninalopaswa kulieleza kwa kirefu ni barua ya Kamati Tendaji kwa idara kuhusu mapitio ya mtaala, kwa kuwa ndilo lililowagawa wanachama mwaka huu, na yapo yaliyosemwa juu yake ambayo hayana ukweli.

Idara ilipotangaza mapitio ya mtaala iliomba maoni ya wadau, chama chetu kikiwa mmojawapo. Katika mapendekezo yaliyoletwa mezani, sosholojia ya tiba, uchumi wa afya, pamoja na sheria na maadili ya afya yangeunganishwa kuwa somo moja la muhula mmoja, na nafasi itakayopatikana ingepewa mafunzo ya kitabibu wodini. Wanachama wengi wa mwaka wa pili na wa tatu walilipokea pendekezo hilo kwa furaha, na sababu zao nazielewa vizuri. Mhitimu wetu hana leseni. Daktari ana baraza lake, muuguzi ana lake, mfamasia ana lake, na afisa afya mazingira ana lake. Sisi tukimaliza tunasubiri tangazo la nafasi za Katibu wa Afya, yaani msimamizi wa utawala wa huduma za afya, au mradi wa miaka miwili mitatu, na nyumbani mzazi anauliza mwanawe amesomea kutibu ugonjwa gani. Kijana anayeulizwa hivyo kila likizo halaumiwi akitamani koti jeupe. Pamoja na hayo yote, Kamati Tendaji iliamua kuyapinga mapendekezo hayo kwa maandishi. Barua niliiandika mimi, na naisimamia hadi leo.

Hoja ya kwanza ilikuwa ya hesabu. Kwa mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, shahada ya miaka mitatu ina krediti zisizopungua 360, na krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi, darasani na nje ya darasa. Ndani ya saa hizo sisi tunasoma anatomia na fiziolojia, epidemiolojia, biotakwimu, lishe, afya mazingira, mifumo ya taarifa za afya, usimamizi wa fedha, na hayo matatu yaliyotakiwa kubanwa. Hakuna pengo la kujazia. Kinachoingia lazima kitoe kingine. Udaktari wa binadamu husomwa kwa miaka 5 na kufuatiwa na mwaka 1 wa utarajali, na hata tabibu wa ngazi ya stashahada husoma miaka 3 akijifunza kutibu tu. Muhula mmoja wa wodini haumfanyi mtu kuwa tabibu, na Sheria ya Madaktari, Madaktari wa Meno na Wataalamu wa Afya Shirikishi ya mwaka 2017 haimsajili mtu kwa sababu aliwahi kupima presha akiwa mwanafunzi. Tungebaki na mhitimu asiyeweza kutibu, na ambaye pia hajui tena kwa nini zahanati iliyojaa dawa inakosa wagonjwa.

Hoja ya pili, ya thamani ya uchumi wa afya, naijua kwa undani, na ndiyo iliyochukua kurasa nyingi za barua. Katika miaka ya 1990 Wizara ya Afya, ikishirikiana na IDRC, shirika la Kanada la utafiti wa maendeleo, iliendesha mradi wa huduma muhimu za afya ulioitwa TEHIP katika wilaya za Rufiji na Morogoro. Swali la mradi lilikuwa jepesi kulisema na gumu kulijibu: je, fedha za afya za wilaya zinakwenda kwenye magonjwa yanayowaua watu wa wilaya hiyo? Takwimu za hospitali zisingetosha kulijibu, maana wengi walifia nyumbani na vifo vyao havikuandikwa popote. Kwa hiyo wahojaji walipita nyumba kwa nyumba, wakaketi na wafiwa, wakauliza dalili alizokuwa nazo marehemu. Madaktari wakazisoma dalili hizo na kukadiria chanzo cha kifo. Wanatakwimu wakajumlisha miaka ya uhai iliyopotea, yaani miaka ambayo marehemu wangeishi kama wasingekufa mapema. Na wachumi wakaiweka jumla hiyo kando ya bajeti. Ikaonekana kwamba huko Morogoro malaria ilikuwa ikipoteza takribani asilimia 30 ya miaka ya uhai, ilhali katika bajeti ya mwaka 1996 ilipewa asilimia 5. Kifua kikuu, kilichokuwa na chini ya asilimia 4 ya miaka hiyo, kilipewa asilimia 22. Hakuna mtu wa wilaya aliyekuwa amekusudia jambo hilo. Bajeti ilikuwa ikifuata mazoea na masharti ya wafadhili, na hapakuwa na picha ya kuwaonyesha watendaji kilichokuwa kikitokea.

Baada ya kuiona picha hiyo, timu za afya za wilaya zilipanga fedha upya, zikaimarisha matibabu ya watoto na kinga ya malaria, na fedha za nyongeza walizotumia hazikufika dola 1 ya Marekani kwa kila mkazi kwa mwaka. Vifo vya watoto katika wilaya hizo vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40 katika kipindi cha takribani miaka mitano. Sidai kwamba bajeti peke yake ndiyo iliyoleta matokeo hayo, lakini naomba kila mwanachama azingatie kwamba hapakuwa na dawa mpya iliyogunduliwa Rufiji wala Morogoro. Kilichokuwepo ni daktari, mwanatakwimu, mchumi na mtu anayejua kuketi na mfiwa bila kumuumiza, wote wakishughulikia swali moja. Shahada yetu inajaribu kumwandaa kijana mmoja atakayezielewa lugha zote hizo nne. Habari za mradi huo nilizisikia kwa mara ya kwanza katika kipindi cha uchumi wa afya, na kila mwaka ninapokaa na wenzangu kuandaa Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri, huwa ninaanza na jedwali la magonjwa kabla ya kugusa jedwali la fedha. Hiyo ndiyo faida ya somo ambalo baadhi yetu waliliita la kujaza ratiba.

Kuhusu sosholojia nilitaja Ebola ya Afrika Magharibi ya mwaka 2014 hadi 2016, iliyoua watu zaidi ya 11,000. Sehemu kubwa ya maambukizi ilitokea misibani, kwa kuosha na kugusa maiti, na timu za mazishi zilizofika zimevaa mavazi ya kujikinga na kuondoka na mwili bila maelezo zilikimbiwa, mahali pengine zikashambuliwa. Hali ilianza kubadilika pale wanaanthropolojia na viongozi wa dini walipokaa na familia na kukubaliana mazishi ambayo ni salama na bado ni ya heshima. Ugonjwa wa Marburg, unaofanana na Ebola, ulipoingia Kagera Machi 2023, ukawapata watu 9 na kuua 6, ulitangazwa kumalizika tarehe 2 Juni mwaka huohuo. Kazi ya kuwatafuta waliokaribiana na wagonjwa na kuwafuatilia kila siku ni ya kuaminiana na kaya kabla ya kuwa ya vipimo. Nilimwandikia mkuu wa idara kwamba mwanafunzi asiyefundishwa kwa nini watu huficha mgonjwa hatampata mgonjwa huyo, hata akiwa na gari na mafuta.

Sasa nizijibu lawama za utaratibu. Imesemwa katika kundi letu la WhatsApp kwamba Kamati Tendaji iliwanyang'anya wanachama haki ya kuamua, na kwamba mimi, kwa kuwa nina ajira, sijali ajira za wengine. Ukweli ni huu. Mkutano mkuu wa dharura uliitishwa mara mbili kwa ajili ya suala hili peke yake. Akidi ni theluthi moja ya wanachama, yaani watu 79. Mara ya kwanza walifika 34, mara ya pili 41. Tarehe ya mwisho ya idara ilikuwa imekaribia, na katiba inaipa Kamati Tendaji mamlaka ya kutoa maoni kwa niaba ya chama pale mkutano mkuu unapokosa akidi. Wajumbe walipiga kura, walio wengi waliunga mkono barua, na maoni ya wachache yaliambatishwa kama yalivyoandikwa, bila kupunguzwa neno, kwa maagizo yangu. Wengi wa walioandika kwa ukali zaidi baadaye hawakuwemo katika mkutano wowote kati ya hiyo miwili. Kuhusu ajira, barua ileile iliiomba idara iongeze muda wa mafunzo kwa vitendo katika ofisi za waganga wakuu wa wilaya, katika mifumo ya taarifa na katika bima, mahali ambapo nafasi zetu zipo. Sehemu hiyo haikutajwa na yeyote kati ya walionilaumu, nami imenisikitisha kwa sababu ndiyo niliyoitafakari zaidi nikiwafikiria wao.

Hadi ninapoandika taarifa hii, idara haijatangaza uamuzi wa mwisho, ila tumearifiwa kwamba masomo yale matatu yatajadiliwa upya moja baada ya jingine.

Mahudhurio yanaumiza chama kuliko tofauti zetu za mawazo. Haiwezekani watu wanaosomea namna ya kuishirikisha jamii katika kamati za usimamizi wa vituo vya afya washindwe kuhudhuria mkutano wa chama chao wenyewe, kisha wadai kushirikishwa. Hali ya ada ni hivyohivyo. Daftari lina wanachama 236; waliolipa ada ya shilingi 10,000 ni 71, hivyo tulikusanya shilingi 710,000, na zinazodaiwa ni 1,650,000. Pamoja na salio la mwaka jana la 182,500 tulikuwa na 892,500. Matumizi yalikuwa 156,000 kwa mapokezi ya wanafunzi wapya, 215,000 kwa siku ya kuchangia damu, 390,000 kwa mkutano wa wahitimu, na 86,000 kwa kuchapa barua ya mtaala na viambatisho vyake na kuvisambaza kwa wajumbe. Jumla ni 847,000 na salio ni 45,500. Kwa waliouliza kama barua ilikula fedha za chama, jibu limo humo, na stakabadhi anazo Mweka Hazina. Simu zangu za kutafuta nafasi za mafunzo sikuzidai. Wahitimu walioko kazini ndio wenye deni kubwa, na nawaomba, kwa heshima zote, wakumbuke waliowasaidia kupata nafasi zao za kwanza.

Kwa mwaka ujao, Kamati inatarajia kuendeleza mazungumzo kuhusu kutambuliwa kwa wahitimu wetu katika miundo ya utumishi kwa upana zaidi ya cheo cha Katibu wa Afya. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 itahitaji watu wanaoelewa ugonjwa, gharama na kaya kwa pamoja, na tunaamini kwamba mlango huo unaweza kutufungukia iwapo tutajiandaa. Tungependa pia, hali ya fedha ikiruhusu, kuwa na kijarida cha kazi za utafiti za wanafunzi, na kuanzisha mawasiliano na wenzetu wa vyuo vingine wanaosoma shahada zinazofanana na yetu.

Mkutano wa uchaguzi utaitishwa kabla ya mitihani ya muhula wa pili, na kwa mujibu wa katiba watakaopiga kura ni waliolipa ada tu. Mweka Hazina yuko meza ya nyuma hadi mwisho wa mkutano huu.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti