Duluti mwezi wa kwanza

Arusha

Mwanangu,

Kama Jumapili unawapeleka wenzako wa chuo kando ya ziwa Duluti kutazama ndege, umechagua majira yake. Januari na Februari, vuli imepita na masika bado, njia haitelezi sana na wageni wa Ulaya wangali wapo. Nasema wageni wenye mabawa: mbayuwayu na keremkerem wanaoikimbia baridi ya kwao huanza kuingia huku Septemba na Oktoba, na hadi Aprili wengi wameshaondoka.

Pandeni daladala ya Usa River, mshuke Tengeru. Soko ni Jumatano na Jumamosi, kwa hiyo msongamano mtaukwepa. Kateni tiketi, muwe ndani ya msitu kabla ya saa 2 asubuhi. Ikipita saa 4 ndege wengi hunyamaza vivulini, halafu watu hurudi wakisema Duluti hakuna kitu.

Kosa lingine ni kulizunguka ziwa kama mnakimbilia basi. Maji yamekaa ndani ya kreta, yaani shimo la volkano, na msitu umeshuka mpaka ukingoni, basi vya kuona viko palepale maji yanapokutana na miti: kwenye mafunjo, na juu ya magogo yaliyolala majini. Kila baada ya hatua 50 simameni dakika 5, kimya. Kituo kirefu kiwe upande wa mashariki, jua la asubuhi liwe mgongoni. Mkilitazama usoni kila ndege ataonekana mweusi.

Kuanzia saa 3 mtafuteni kenge kwenye magogo. Damu yake hupashwa na jua, ndiyo maana amelala bapa. Mkono ukinyooshwa kumwonyesha, chubwi! ameshazama. Kuna atakayesema ni mamba. Mwambie aangalie ulimi: wa kenge umegawanyika kama wa nyoka naye huutoa nje mara kwa mara, mamba hawezi kuutoa.

Ndege aliyetandaza mabawa kama nguo kwenye kamba ni mnandi. Manyoya yake hulowa, jambo linalomsaidia kuzama akifuata samaki, ila akitoka lazima ajianike. Mdiria mweusi-na-mweupe, ndege mvuvi, huelea hewani sehemu moja akipiga mabawa, kisha hujitupa kichwa mbele. Yule mdogo wa buluu huvizia kwenye tete, karibu kabisa na maji. Mkiona juu ya panda la mti rundo la vijiti kubwa kama gunia la mkaa, hilo ni tundu la ndege aitwaye fundichuma. Mlango upo, umesiribwa tope, mara nyingi upande wa chini.

Sasa hondohondo, yule ndege mwenye mdomo mkubwa. Utamsikia kabla hujamwona, mvumo kama mtu anakung'uta mkeka, kwa sababu upande wa chini wa mabawa yake hauna manyoya ya kufunika mashina ya yale makubwa, upepo unapita katikati. Akiwa peke yake na anarudia mti uleule, mfuateni kwa macho: huenda jike amejiziba ndani ya shimo la mti ili aatamie, imebaki nafasi ya mdomo tu. Hukaa humo miezi mitatu hadi minne, dume akimtapikia matunda moja baada ya jingine. Msikae chini ya mti huo. Dume akiona watu hasogei, na aliye ndani anashinda njaa.

Kima msiwape chochote, hata ganda la ndizi. Wakizoea hunyang'anya mifuko.

Suruali ndani ya soksi, kwa ajili ya siafu. Mkikuta mstari wao rukeni mwendelee. Anayesimama kuwashangaa ndiye anayepandwa.

Chukua darubini ya 8 kwa 42, yaani inayokuza mara 8 na kioo cha mbele cha milimita 42, uiache ile ya kukuza mara 10, inaukuza hata mtetemo wa mkono. Iko kabatini rafu ya juu. Kamba yake imelegea upande mmoja, ifunge upya kabla hujaivaa shingoni.

Mama yako