Dawa ya nyanya si ya kupigwa sebuleni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nijibu ushauri mliouchapa kwenye ukurasa wa nyumba, kwamba anayeona wadudu weupe kwenye maua ya ndani aende duka la pembejeo, anunue dawa ya nyanya, apulize, wataisha. Mimi ni fundi cherehani. Mashine yangu iko dirishani, na juu ya dirisha hilo nimepanga vyungu vya mrehani, asumini na pilipili mbuzi. Wadudu hao hawamaliziki hivyo.

Kwanza mwandishi hakusema ni wadudu weupe gani. Kuna vidung'ata, wale wanaokaa kama vipande vya pamba kwenye maungio ya majani. Hao hawaruki. Inzi weupe wanaruka: gusa tawi tu, wanapepea wote kwa pamoja, kisha wanarudi chini ya majani yaleyale. Inzi mmoja hafiki milimita mbili. Geuza jani utazame, utaona na vijidoa bapa, vyeupe vya kufifia, vimeganda hapohapo. Ndio watoto wao, wanafyonza maji ya jani mpaka linageuka njano.

Dukani kwangu inzi hawa walijulikana kwa kitambaa kabla ya jani. Satini nyeupe ya bibi harusi ilikuwa imekunjwa chini ya chungu cha pilipili, nikaishika, inanata. Matone yale ni uchafu wao, mtamu kama asali, ndiyo maana sisimizi hupanda chungu kwa mstari. Ukikaa kwenye majani unaota ukungu mweusi, na wengi hudhani ni masizi ya jiko.

Sasa dawa ya shamba. Mrehani unaingia kwenye nywele na pilipili inaingia kwenye mchuzi; nani atasubiri siku za kungoja kabla ya kuchuma zilizoandikwa kwenye kibandiko cha chupa? Tena chumba chenyewe kina kitanda cha mtoto. Na inzi hawa ni sugu, wameshazoea dawa nyingi sehemu mbalimbali duniani. Waulizeni wakulima wa mihogo, ambao inzi weupe wanawaletea magonjwa ya batobato na michirizi kahawia. Huo wa michirizi ulielezwa kitaalamu mwaka 1936 kwenye kituo cha utafiti cha Amani, huku kwetu Tanga, na mpaka leo haujatutoka.

Mimi natumia sabuni ya mche. Nakwangua kijiko kimoja cha chakula, nakiyeyusha kwenye lita moja ya maji, naweka kwenye chupa ya kupulizia. Mafuta ya mwarobaini yakiwepo, naongeza kidogo. Sabuni ya unga hapana, inaunguza. Napuliza jioni jua likishapoa, na napuliza CHINI ya jani, kwa sababu anayelowesha juu anaosha vumbi tu. Kwanza najaribu jani moja, nangoja hadi kesho yake. Sabuni inaua inzi iliyemgusa, lakini mayai yanabaki, kwa hiyo kila wiki narudia, mwezi mzima au zaidi. Hapa ndipo watu wanapochoka na kusema sabuni haifanyi kazi.

Wanaoruka nawanasa kwa dumu la mafuta ya kula. Wanapenda mno rangi ya njano, basi nakata kipande cha dumu, napaka mafuta ya mgando, nakichomeka kwenye udongo karibu na majani. Buibui wa dirishani simfagii, naye ana kazi yake.

Neno jingine ni kwa wauza maua wa barabarani. Miche mingine inauzwa na inzi wake wote, mnunuzi anabeba balaa kwenye bajaji. Mnunuzi naye ageuze majani kabla ya kutoa hela, na mche mpya aukalishe peke yake, mbali na wenzake, wiki mbili tatu.

Nakuomba, Mhariri, ukurasa huo usahihishwe toleo lijalo, maana majirani zangu wawili wameshaukata na kuubandika jikoni.

Fundi cherehani,
Ngamiani, Tanga