Risala ya Klabu ya Huduma za Dharura na Utafiti kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Wazi ya Chuo

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Wilaya yetu,
Ndugu Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri,
Ndugu Mganga Mkuu wa Wilaya,
Waheshimiwa Madiwani na Wenyeviti wa Vijiji,
Viongozi wetu wa dini,
Mkuu wa Chuo na wakufunzi,
Wazazi, wanachuo wenzetu, mabibi na mabwana,

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha tukiwa wazima. Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunakushukuru wewe binafsi kwa kukubali mwaliko wetu. Tunajua majukumu yako ni mengi, na kufika kwako mwenyewe bila kutuma mwakilishi kumetupa moyo sana.

Klabu hii iliundwa na wanachuo wa utabibu na uuguzi waliorejea kutoka mafunzo kwa vitendo wakiwa na swali moja: kwa nini mgonjwa wa dharura anafia mapokezi huku dawa yake inajulikana? Nchi yetu imepiga hatua katika fani hii. Mwaka 2010 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifungua idara ya kisasa ya magonjwa ya dharura, na mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Muhimbili kikaanza kufundisha madaktari bingwa wa fani hiyo. Wa kwanza walihitimu mwaka 2013. Mwaka 2019 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuzitaka nchi zote ziimarishe huduma za dharura. Sisi ni watoto wa safari hiyo, huku wilayani.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mafanikio yetu ni makubwa. Tumewafundisha huduma ya kwanza waendesha bodaboda, walimu na vijana wanaopulizia dawa mashambani, na leo hakuna kata katika bonde letu ambayo haijafikiwa na elimu hiyo. Akina mama wengi sasa wanajua kwamba mtoto aliyekunywa mafuta ya taa hatapishwi, na kwamba maziwa na mayai mabichi si tiba ya sumu. Aidha, tumefanya utafiti ambao kwa tathmini yetu ni wa kwanza wa aina yake hapa wilayani: kwa ruhusa ya Ofisi ya Mganga Mkuu tulipitia vitabu vya MTUHA, yaani vitabu vya kuandikia wagonjwa na takwimu za huduma, vya vituo vya bondeni, tukitafuta kila mgonjwa aliyeandikwa kuwa amepata sumu. Matokeo yamebandikwa kwenye bango lililo nyuma yako, na wakufunzi wetu wameyasifu.

Changamoto ni nyingi: ukumbi wa mazoezi hauna feni, mdoli wa kufundishia kufufua moyo umepasuka kifua, intaneti ni ya kubahatisha. Hayo tutayavumilia. Tunaomba muda wako kwa jambo moja tu, nalo ni sumu ya viuatilifu, yaani dawa za kuulia wadudu na magonjwa ya mazao.

Bonde hili linaishi kwa nyanya na vitunguu. Mpuliziaji anabeba bomba mgongoni tangu alfajiri, hana glovu, anapima dawa kwa kifuniko cha chupa na kuikoroga kwa mkono. Watafiti wetu wa Kitanzania, wakiwemo Elikana Lekei na Vera Ngowi, walichapisha mwaka 2014 matokeo ya mahojiano na wakulima wa vijijini: asilimia 93 ya waliohojiwa walisema wamewahi kudhurika kwa viuatilifu maishani mwao. Wengine huzinywa kwa bahati mbaya, kwa sababu zimehifadhiwa kwenye chupa ya soda. Na wapo wanaozinywa kwa kukata tamaa. Hao nao ni ndugu zetu, na wanastahili tiba ileile bila kusimangwa mlangoni.

Baadhi ya dawa hizi za shambani ni za kundi la oganofosfeti. Zinazuia kimeng'enya kinachotuliza ishara za neva, ndipo mwili unafunguka kila mahali kwa wakati mmoja. Mgonjwa anatoka jasho, mate na mapovu, mboni za macho zinasinyaa hadi kuwa kama tundu la sindano, mapigo ya moyo yanapungua, mapafu yanajaa majimaji. Anazama akiwa nchi kavu. Kinachomwokoa ni kuvuliwa nguo na kuoshwa, oksijeni, na sindano ya atropini inayokausha mapafu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, naomba utuvumilie kwenye hesabu ifuatayo, maana ombi letu lote limo ndani yake. Ampuli moja ya atropini, yaani kichupa kimoja cha dawa ya sindano, ina miligramu 1. Mgonjwa mahututi anaanza na miligramu 2. Baada ya dakika 5 tunasikiliza kifua. Kama bado kinakoroma tunampa mara mbili ya zile za mwanzo, yaani 4, kisha 8, kisha 16. Hizo ni ampuli 30 ndani ya robo saa. Kifua kikikauka, anahitaji dripu yenye miligramu 3 hadi 6 kila saa, na kwa usiku na mchana mmoja hizo ni ampuli 72 au zaidi. Mgonjwa mmoja anaweza kumaliza ampuli 100. Tulipotembelea vituo vya bondeni, hakuna kilichokuwa na hata 10, na hizo chache zilifungiwa kwenye kabati la dawa za usingizi chumba cha upasuaji, ufunguo uko kwa mtu aliyekwisha kwenda nyumbani.

Njia hii ya kuongeza dozi maradufu si ya kukisia. Huko Chittagong, Bangladesh, watafiti waliwagawa wagonjwa 156 katika makundi mawili. Waliopewa atropini kwa mtindo wa zamani, dozi ileile ikirudiwa polepole, walifariki asilimia 22.5. Waliopewa kwa kuongeza haraka na kuwekewa dripu walifariki asilimia 8. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2012. Dawa ni ileile, wodi ni ileile, kilichobadilika ni kasi ya kuitoa. Sasa kasi hiyo inawezekanaje kwa ampuli zisizofika 10?

Msimu uliopita tuliiona maana yake. Kijana mpuliziaji aliletwa na wenzake kwa bodaboda, wamembana katikati asianguke. Wauguzi walijua la kufanya, tena walifanya kwa haraka ya kupendeza. Ampuli zikaisha kifua chake kikiwa bado kimejaa. Gari la wagonjwa lilikuwa safarini na namba 115 ya usafiri wa dharura wa m-mama ni ya wajawazito na watoto wachanga, hivyo alipakiwa kwenye gari la mizigo ya nyanya. Hakufika hospitali. Hatumlaumu muuguzi yeyote wa zamu ile. Wote walilia kuliko sisi.

Tulijiuliza kwa nini vituo vinaletewa atropini kidogo namna hii, na jibu tulilipata kwenye vitabu vile vya MTUHA. Kituo kinaagiza dawa kutoka Bohari ya Dawa kwa kuangalia matumizi ya nyuma. Matumizi ya nyuma ni madogo kwa sababu dawa haikuwepo. Na mgonjwa akifariki, kitabuni kunaandikwa neno "sumu" peke yake, bila jina la kiuatilifu, bila dalili, pengine bila umri. Waliofia njiani hawamo kabisa. Kwa hiyo kwenye karatasi bonde letu halina tatizo, na bajeti inafuata karatasi. Huo ndio utafiti wetu, Mheshimiwa, na tunaona uchungu kuueleza.

Hatuombi vitu vya gharama kubwa. Hatuombi pralidoksimu, dawa nyingine ya sumu hii, kwani utafiti uliofanyika Sri Lanka na kuchapishwa mwaka 2009 haukuonyesha kuwa inaokoa maisha. Hatuombi shehena ya mkaa wa dawa, ule anaonyweshwa mgonjwa ili unyonye sumu tumboni. Nchini humohumo wagonjwa 4,632 walifuatiliwa, matokeo yakatoka mwaka 2008, na mkaa haukupunguza vifo. Atropini ni dawa nafuu, imo kwenye orodha ya dawa muhimu, na tabibu yeyote anaweza kufundishwa kuitumia.

Tunachoomba ni akiba maalumu ya ampuli 300 katika hospitali ya wilaya na ampuli 100 katika kila kimoja cha vituo viwili vya afya vya bondeni, zikae chumba cha dharura, ufunguo ukabidhiwe zamu hadi zamu. Zikikaribia kuisha muda zihamishiwe chumba cha upasuaji zitumike, ili isipotee hata moja. Pamoja nazo, mashine moja ya kuzalisha oksijeni kwa kila kituo. Na waraka wa Mganga Mkuu kwamba kila mgonjwa wa sumu aandikwe jina la kiuatilifu, na ndugu waelezwe kuja na chupa au lebo yake. Kuratibu takwimu hizo na kuzifikisha kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu kule Arusha tutafanya sisi bila malipo. Sri Lanka ilipojua ni dawa zipi zinaua, ilizipiga marufuku moja baada ya nyingine, na inakadiriwa kuwa watu 93,000 waliokolewa kati ya mwaka 1995 na 2015. Walianza kwa kuandika majina.

Fedha zipo, Mheshimiwa. Kila tenga la nyanya linalopita kizuizini linalipa ushuru wa mazao. Sehemu ndogo ya ushuru huo ikirudi kumlinda aliyelipulizia tenga hilo, hakuna diwani hapa atakayepinga, tumekwisha kuwauliza.

Kwa heshima zote, tunalazimika kusema na hili. Miaka miwili iliyopita, katika sherehe kama hii, mgeni rasmi wetu alituahidi mashine mbili za oksijeni kabla ya msimu wa kilimo. Tulipiga makofi, akina mama wakapiga vigelegele. Msimu ulipita. Mwaka uliofuata mgeni mwingine alitueleza kuwa suala liko kwenye mchakato, nasi tukamshukuru. Tumeandika barua tatu za kukumbushia, na nakala zake zimo kwenye bahasha uliyokabidhiwa. Hatutaji haya ili kumvunjia mtu heshima. Tunayataja kwa sababu wazazi waliosikia ahadi zile wamekaa hapa mbele yako, na mmoja wao ni mzazi wa kijana tuliyemsimulia.

Ndiyo maana kamati imeweka daftari mezani mbele yako. Tunakuomba, baada ya hotuba yako, uandike mwenyewe tarehe ambayo atropini itafika vituoni na jina la afisa tutakayemfuata. Kama kuna ombi lisilowezekana mwaka huu, tuambie leo, tutakuelewa na tutaanza kuchangishana. Mashine zinaweza kusubiri bajeti ijayo. Atropini haiwezi, kwani upuliziaji unaanza mwezi ujao.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.

Imeandaliwa na kusomwa kwa niaba ya wanachama wote,
Katibu, Kamati ya Maandalizi